Pipa, chujio na ukoko: miaka 11 ya kupika mbege Kimara

Mama yangu anapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, huko Kibosho, kwenye baridi ya mlima Kilimanjaro, kwa kuni, ndani ya chombo cha mti kilichochongwa kabla mimi sijazaliwa. Mimi napikia Kimara, Dar es Salaam, uani kwangu, kwa gesi, ndani ya pipa la plastiki. Ndizi ni zilezile. Nazifuata soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo alfajiri, malori yakiwa bado yanashusha. Ulezi ni uleule. Magome ya msesewe ananitumia yeye mwenyewe, yamefungwa kwenye gazeti na kamba ya mgomba. Lakini kwa miaka 11 niliyopika hapa mjini, pombe imeniharibikia mara saba, na mara zote saba nilipokaa nikatafuta chanzo sikukikuta kwenye ndizi wala kwenye ulezi. Nilikikuta kwenye chombo.

Sitazisimulia zote saba. Ila zipo ambazo mtu akizijua mapema atajiokolea fedha, na atajiokolea ile fedheha ya kuwaita wakwe halafu unawakaribisha kwa soda. Desemba inakuja, wengi hatutaweza kwenda nyumbani mwaka huu, na kipaimara cha mtoto wa dada yangu tutakisherehekea hapa hapa Kimara. Najua uani mwingi mapipa yameanza kuoshwa.

Kwa asiyejua mbege inavyopikwa, nieleze kidogo. Ndizi zikishaiva barabara zinamenywa na kuchemshwa na maji kwa saa nyingi, mpaka zigeuke rangi ya udongo mwekundu. Zikipoa zinafunikwa, na kwa Kibosho zinakaa siku tatu au zaidi zikichachuka. Hiyo ndiyo nyalu. Pembeni kuna kimea: ulezi ulioloweshwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa. Kimea kinapikwa uji pamoja na magome ya msesewe, yale yanayotia uchungu, na uji huo tunauita mso. Nyalu inachujwa, mso ukishapoa unachanganywa nayo, na kesho yake watu wanakunywa. Kazi ni ndefu lakini haina siri. Siri iko kwenye yale yanayoibeba.

Pipa langu la kwanza lilikuwa la bluu, lita 120, lile lenye mfuniko mpana unaobanwa na ringi ya chuma. Nililipenda kwa sababu ya huo mfuniko. Uani kwangu kuna kuku wa jirani, vumbi la barabara, na nzi wa ndizi ambao ukimenya moja tu wanakuja kama walialikwa. Nikaona nimepata chombo kisichoingiza hata sisimizi. Nikamimina nyalu mpaka vikabaki vidole vinne kufika juu, nikabana ringi, tukalisukuma mimi na mume wangu hadi stoo, chini ya bati. Ilikuwa Februari.

Usiku wa pili, saa nne hivi, tulisikia mlio. Mume wangu alitoka nje akidhani ni transfoma ya mtaani. Mimi nilienda stoo. Mfuniko ulikuwa umepasua siling bodi na kubaki umening'inia kwenye mbao za paa, ringi imepinda kama bangili iliyokanyagwa. Nyalu ilikuwa kwenye kuta zote nne, kwenye gunia la mkaa, na kwenye rafu ambako, kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, nilikuwa nimepanga vitambaa vya wateja. Sare za sendofu ya watu, vitenge vya rangi ya maziwa, pea tisa. Doa la ndizi mnalijua. Halitoki. Nilivifua mara tatu usiku ule ule, na asubuhi nikaenda Kariakoo kununua vingine kwa fedha yangu.

Nilimpigia mama. Hakuniuliza habari za ndizi.

"Ulilifunika na nini?"

Nikamweleza ringi, nikamweleza mfuniko.

"Sasa mwanangu, ulitaka ipumulie wapi?"

Nyalu inapochachuka inatoa hewa ukaa, na si kidogo. Kilo moja ya sukari ikichachuka yote inatoa zaidi ya lita 250 za hewa hiyo, na ndani ya pipa langu mlikuwa na sukari ya mikungu mitatu mizima. Kibosho hewa hiyo inatoka taratibu, mchana na usiku, siku tatu nzima. Dar, chini ya bati la Februari, chachu haina subira. Kazi ya siku tatu inaimaliza kwa siku moja na nusu. Na povu linapanda. Vile vidole vinne nilivyoacha havikutosha hata kwa povu peke yake.

Tangu siku ile sijabana mfuniko. Naacha theluthi moja ya pipa wazi, nafunika kwa kitambaa cha marekani kilichofungwa kwa mpira, juu yake naweka ubao wa kuzuia kuku. Pombe inapumua na nzi haingii. Pipa nimelitoa stoo, linakaa ukuta wa mashariki ambako jua likishapita saa tano panakuwa kivuli, na gunia lililoloweshwa maji linalizunguka mpaka jioni. Ukitia mkono kati ya gunia na pipa utausikia ubaridi.

Kaka yangu naye alipata msiba wa jamii hiyo hiyo, ila wake ulikuwa safarini. Alikuwa analeta mbege ya mama kutoka Moshi, lita 20 ndani ya dumu la njano, buti la basi. Alilijaza pomoni na kulikaza kizibo kwa kipande cha nailoni ili lisivuje. Walipofika Korogwe, watu wameshuka kula, konda akafungua buti akaita: "Dumu la nani hili limevimba hivi?" Kaka anasema lilikuwa la mviringo kama mpira. Akafanya haraka kulifungua kwa huruma ya mizigo ya watu, na huko ndiko kulikoharibu, maana nusu ya mbege iliruka kwenye gunia la maharage la mama mmoja wa Same. Alimlipa. Ukisafirisha mbege, acha nafasi ya juu angalau robo ya dumu, kizibo kikae kimelegea, dumu lisimame wima na uwe nalo karibu uweze kulifungua kila baada ya saa moja. Kama huwezi kukaa nalo, usilisafirishe.

Pipa la pili nililiua mwenyewe kwa usafi. Nililinunua kwa mtu anayeuza mapipa yaliyokwisha kutumika viwandani. Akaniambia lilibeba juisi, lakini nilipolifungua lilinukia kitu kama sabuni. Hapo nilipaswa kulirudisha, maana plastiki inanywa harufu, na pipa lililobeba kemikali huwezi kulisafisha likafaa kwa kinywaji, hata ukilisugua mwezi mzima. Sikurudisha. Nililijaza maji ya klorini yenye nguvu, nikayaacha usiku kucha, nikarudia tena usiku wa pili, nikasuuza mara moja, nikamimina nyalu.

Siku ya kwanza kimya. Ukiweka sikio kwenye pipa la nyalu inayokwenda vizuri unasikia kitu kama mvua ndogo juu ya majani. Mimi sikusikia chochote. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu juu palitanda utando mweupe wenye vinyweleo, na harufu ilikuwa ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Mikungu mitatu, yote shimoni.

Mama alinifundisha jambo hapo ambalo nilikuwa nimeliona utotoni bila kulielewa. Chombo chake cha mti, tunachokiita mtumbwi kwa sababu kimechongwa kama mtumbwi mfupi, hakijawahi kuguswa na sabuni. Anakisugua kwa majani makavu ya mgomba na maji ya moto, anakianika, basi. Chachu inaishi ndani ya vinyweleo vya mti ule, inasubiri. Nyalu mpya ikimiminwa inakuta wenyeji. Pipa la plastiki halina vinyweleo vya kuhifadhi kitu, kwa hiyo kila ukipika unaanza na nyumba tupu, na mimi nilikuwa nimeitia hiyo nyumba sumu kabisa.

Alinitumia chupa ya lita moja ya ile tope nzito inayobaki chini mbege ikiisha. Niliimimina kwenye nyalu iliyofuata na kabla ya magharibi mvua ilikuwa inanyesha ndani ya pipa. Mpaka leo kila nikimaliza kupika naweka akiba ya tope hiyo kwenye friji, chombo kimefunikwa bila kukazwa. Mwaka jana umeme ulikatika siku mbili na nikafika nikakuta imepanda mpaka kwenye rafu ya mboga, lakini ilikuwa hai. Mapipa sasa naosha kwa maji ya moto na brashi laini isiyokwaruza, na nikitumia dawa yoyote nasuuza mpaka pua yangu isisikie kitu, kisha nayaanika juani siku nzima.

Ukoko ni habari nyingine. Jiko la gesi la ringi, hata lile kubwa la shughuli, linachoma katikati ya sufuria. Kuni tatu za mama zinalamba chini na pembeni, joto linaizunguka sufuria yote. Mwaka wangu wa tatu nilikuwa nimesimama na mwiko toka saa mbili asubuhi, na kama saa saba mteja akaja kuchukua gauni. Nilikaa naye dakika labda kumi na tano. Niliporudi, mwiko uligusa kitu kigumu chini, na nikafanya kosa ambalo kila mtu analifanya: nikakwangua. Ukoko ukatoka vipande vyeusi, vikachanganyika na vyote vilivyokuwa juu, na mbege ile ilinukia moshi mpaka tone la mwisho. Wageni waliinywa kwa heshima. Shangazi yangu alishika kata, akapiga funda moja, akaiweka chini taratibu, na hakuishika tena jioni nzima. Shangazi huyu ndiye aliyenifundisha kutembea na debe la maji kichwani. Sijausahau mkono wake ukiweka ile kata.

Ukoko ukishashika, zima moto, usiuguse. Teka kwa kata kilicho juu, hamishia sufuria nyingine, na ukifika karibu na chini acha vidole viwili vibaki. Vidole viwili vya hasara vinaokoa sufuria nzima. Mimi sasa nalaza bamba zito la chuma juu ya jiko, sufuria inakaa juu ya bamba, na moto unatawanyika. Na mwiko wangu niliuchongesha upya, wa mti wa mringaringa, ncha yake imekatwa bapa kama jembe ili ifagie chini. Mwiko wa mviringo unagusa mstari mmoja tu wa sufuria. Kwingine kote kunaungua ukiwa unakoroga.

Kuna moja ninayoisimulia kwa shida. Sufuria kubwa nilikuwa nakodi kwa watu wanaokodisha vyombo vya harusi. Ilikuja na mikono miwili iliyoshikwa kwa ribiti, na ribiti moja ilikuwa inacheza. Niliiona. Nilisema nitawaambia wakati wa kurudisha. Shemeji yangu na kijana wa jirani waliinyanyua ikiwa imejaa ndizi zinazochemka, mkono ukachomoka, na uji ule ukamwangukia shemeji toka goti hadi kwenye vidole. Ndizi zilizochemka si kama maji. Maji yanateleza, ndizi zinang'ang'ania na zinaendelea kuunguza. Tulimmwagia maji ya bomba baridi mfululizo, tukampeleka hospitali, akalazwa siku nne. Kovu analo na hajawahi kunilaumu, ambalo kwangu ni zito kuliko kulaumiwa. Kwangu sufuria yenye moto hainyanyuliwi tena. Inachemkia juu ya jiko lake, inapoa hapo hapo, na tunateka kwa kata kuhamishia kwenye ndoo ndogo. Inachukua saa nzima zaidi. Chukueni hiyo saa.

Niingie kwenye chujio, ambako nina la kusema kama fundi.

Zamani kwetu walichuja kwa nyasi. Mimi nashona mfuko wa marekani, ule mgumu usiopauliwa, mita mbili na nusu. Wa kwanza niliushona kama ninavyoshona foronya, mshono mmoja, nikaukata pindo karibu kwa kubana matumizi. Tulipoukamua, watu wawili kila upande, mshono ulifunguka wote kwa mpigo na makapi ya ndizi yakaingia kwenye nyalu iliyokwisha kuchujwa. Tukarudia kazi ya asubuhi nzima. Wa sasa una mshono wa suruali ya jinzi: pindo linalazwa, linakunjwa ndani, linapigwa mistari miwili, uzi wa nailoni, na chini hakuna pembe, pameviringwa, maana makapi yanakwama kwenye pembe na ndipo uchachu mbaya unapoanzia. Kabla ya kuutumia mara ya kwanza nauchemsha mara mbili ili wanga wa kiwandani utoke. Baada ya kazi nauchemsha tena na kuuanika. Ukinukia hata kidogo, unakuwa tambara la kupigia deki.

Lakini siku moja mfuko ulikuwa umeloa na dada aliyekuwa ananisaidia, mtu mzuri na mchapakazi, akaona anirahisishie. Nilirudi kutoka dukani nikamkuta anachujia chandarua. Kipya, bado kina mikunjo ya pakiti. Debe mbili zilikuwa zimekwisha kupita. Nilikishika, nikakiangalia pindoni, na lebo ilikuwa imeandikwa kwamba kimetiwa dawa. Chandarua kile kinaua mbu kwa kuguswa tu. Nyalu ni chachu, ina joto, na ilikuwa imepita kwenye kila tundu lake.

Hakukuwa na la kujadili. Tulimwaga zote. Yule dada alilia, na mimi nilikaa kwenye kigoda nikiangalia ule wekundu unavyoingia mchangani, siku mbili kabla ya matanga ya baba mkubwa. Nimeona uani wa watu wengine chandarua kikitumika kuchujia pombe, togwa, hata tui la nazi. Nawaomba sana, hata kama ni cha zamani, hata kama kimefuliwa. Marekani mita moja haina bei ya kumfikisha mtu hapo.

Vyuma navyo. Baba mdogo aliwahi kunizawadia pipa la bati lililopakwa zinki, linang'aa, halina kutu hata tone. Nilipikia mara moja. Mbege ilikuwa na ladha kama ya sarafu ulimini, na usiku ule watu watatu walitapika. Mbege ni chachu, na uchachu unaila zinki na kuiingiza kwenye kinywaji. Pipa la chuma tupu halitapishi, ndiyo maana watu wanaliamini, lakini nalo linatoa chuma chake kidogo kidogo. Afrika Kusini madaktari walikwisha andika tangu mwaka 1929 juu ya watu waliokutwa na madini ya chuma yaliyojazana kwenye ini, na baadaye ikaja kuonekana kwamba pombe za kienyeji zilizopikwa kwenye mapipa na vyungu vya chuma zilihusika, pengine hasa kwa wale ambao miili yao kwa kuzaliwa inahifadhi chuma kupita kiasi. Mtu anayekunywa kikombe kimoja Krismasi hatadhurika. Lakini kwetu wapo wazee wanaokunywa mbege kila siku ya Mungu, na ni haki yao kuinywa kutoka kwenye chombo salama. Kuchemshia kwenye sufuria ni saa chache. Ninachokikataa ni kuchachushia kwenye chuma.

Kipimajoto nilinunua kwenye duka la vifaa vya keki, kile chenye mshale. Mama hupima mso kwa kuuchovya na kuudondoshea ndani ya kifundo cha mkono, mimi nikaona nifanye kitaalamu. Mshale ukasema nyuzi 35, nikachanganya, na pombe ikazizima pale pale. Baadaye nilikitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Kikasoma 84. Dar maji yanachemka karibu na 100, kwa hiyo kilikuwa kinadanganya kwa nyuzi 16, na mso niliodhani ni vuguvugu ulikuwa umefika 51 hivi, joto ambalo chachu haitoki salama. Kijaribu chako kabla hujakiamini. Ukikijaribia kwetu mlimani, mwinuko wa mita 1,400 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 au zaidi kidogo, usikilaumu bure. Mimi nimerudi kwenye kifundo cha mkono.

Kimea nimewahi kukianika juu ya turubai la plastiki, kikatoa jasho chini, kikaota ukungu. Nilikitupa siku ile ile kwa sababu ya sumukuvu. Anika juu ya mkeka, tandaza nyembamba, geuza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika. Agosti mama alinipa ule mtumbwi. Alisema mikono yake haiwezi tena kuusugua, na kwamba chombo kisichotumika kinakufa. Ulikuja na lori la ndizi, umefungwa kwa majani ya mgomba, na tulipoufungua ua wote ulinukia nyumbani. Ni mringaringa mtupu, umepigwa tezo, alama za tezo bado zinaonekana nje kama magamba ya samaki. Ndani ni laini, mweusi, unang'aa. Pembeni kuna doa jepesi ambapo bibi alikuwa anaegemeza kiganja akiinama kuteka.

Niliuacha ukutani. Wiki tatu. Nilikuwa na kazi za sare za shule na nikajiambia nitautengea nafasi. Mti uliokaa miaka yote kwenye unyevu wa Kibosho, mimi nikauweka kwenye jua la Kimara, na mwezi wa tisa nikauona ufa. Unaanzia ukingoni na kushuka shubiri moja na nusu, mwembamba kiasi cha kupitisha ncha ya sindano ya mkono. Nilipitisha sindano kweli, ikatokea upande wa pili.

Mafundi seremala wawili wameuangalia. Wote wanataka kutia gundi na kubana kwa bati la misumari. Gundi siitaki ndani ya kitu ambacho hakijawahi kuonja hata sabuni, na bati nimekwisha kusema. Mama alikaa kimya kwenye simu muda mrefu nilipomwambia, kisha akaniambia niujaze maji, niuzungushie magunia yaliyoloa, niuweke kivulini, mti unywe na kuvimba wenyewe. Kikibaki kitundu, nta ya nyuki. Anakumbuka babu alifanya hivyo lakini hakumbuki kama nta iliyeyushwa kwanza au ilikandamizwa ikiwa ngumu.

Nimeweka bakuli chini ya ufa. Usiku wa kwanza lilijaa na kumwagika. Usiku wa nne lilifika nusu. Leo asubuhi, siku ya tisa, nimekuta maji ya vidole viwili. Ndizi nimeagiza zifike Mabibo tarehe 18. Kama yupo aliyewahi kuziba ufa wa mringaringa kwa nta, aniandikie kabla ya tarehe hiyo, anieleze aliiyeyusha au aliikandamiza, na mti ulikuwa umeloa au umekauka.